Dawa za Kichina na Damu ya Mtoto Mchanga

Wazazi wengi wa watoto wenye selimundu hustaajabu: mtoto alizaliwa mzima, akanyonya, akanenepa, kisha baada ya miezi mitano au sita yakamjia maumivu. Sababu yake ni hii. Mtoto akiwa tumboni mwa mamaye huwa na hemoglobini makhsusi, yaani ile rangi nyekundu ya damu ichukuayo oksijeni. Hiyo haina ila. Akiisha kuzaliwa, mwili huiacha kidogo kidogo na kutengeneza ya watu wazima, na hapo ndipo chembe zake hupinda mithili ya mundu.

Basi wataalamu wakauliza: je, mwili hauwezi kurejeshewa ile ya kwanza? Wachina, ambao huko kusini katika Guangxi wamefikwa sana na thalasemia, jamaa ya selimundu, wamezitazama upya dawa zao za kale kwa shauri hili. Imo mbegu waiitayo buguzhi, waitumiayo tangu zamani kwa mifupa na ngozi. Ndani yake mna kitu kiitwacho anjelisini, ambacho hupatikana katika mmea wa Ulaya pia. Mwaka 2003 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ferrara, Italia, walikitia katika chembe za damu zilizokuzwa maabara, nazo zikazidisha ule ujumbe wa ndani uamrishao kutengenezwa hemoglobini ya uchanga.

Ni habari njema, alhamdulillahi. Lakini chombo cha kioo hakina ini wala figo, na buguzhi hiyo hiyo imepata kuwadhuru ini baadhi ya walioinywa. Hata dawa ya malaria itokanayo na jani la Kichina, iliyompatia Bibi Tu Youyou tuzo ya Nobel mwaka 2015, haikutufikia ila baada ya kusafishwa na kupimwa miaka mingi.

Twayasema haya kwa kuwa twawajua wazazi waliomwachisha mtoto dawa ya hospitali kwa ajili ya unga wa karatasini usio na jina. Nayo dawa hiyo, haidroksiyurea, ndiyo iongezayo hemoglobini ya uchanga! Watoto 606 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda walipewa, na matokeo yakachapishwa 2019: maumivu yalipungua, malaria ikapungua, na vifo pia. Yataka damu ipimwe mara kwa mara. Mwenye kutaka kuongeza unga wa Kichina juu yake, na aupeleke kwanza kliniki pamoja na mtoto.