Fundi wa Savile Row

Wengi wetu tuliofika nchi hii kutoka pwani tumepita Regent Street mara zisizo idadi, bila ya kujua kwamba nyuma yake tu, upande wa magharibi, upo mtaa mfupi ambao jina lake wanalijua mafundi nguo wa dunia nzima. Nao ni Savile Row. Tangu karne ya 19 mabwana wa Kiingereza, wafalme na wakubwa wa nchi za kigeni wamekuwa wakienda huko kupimwa suti. Kijana aliyezaliwa hapa hapa London na wazee wa Kiafrika alijipatia nafasi katika mtaa huo, na habari yake yafaa kuwekwa katika kitabu chetu cha mwaka, khasa kwa sisi wenye watoto na wajukuu waliozaliwa huku.

Jina lake ni Ozwald Boateng. Alizaliwa Muswell Hill, kaskazini ya London, mwaka 1967. Wazazi wake walitoka Ghana, na baba yake alikuwa mwalimu. Husimulia mwenyewe kwamba suti nadhifu za baba yake ndizo zilizomfungua macho, na kwamba mama yake alimpa suti yake ya kwanza alipokuwa na miaka 8, ya rangi ya zambarau. Akiwa na miaka 14 alipata kazi ya likizo, kutia bitana ndani ya makoti. Hata hivyo chuoni Southgate alisomea kompyuta.

Wasomaji waliokuwa wazazi miaka ile ya 1980 watakumbuka jinsi kompyuta ilivyokuwa ikisifiwa. Mimi niliyefundisha skuli nawajua vyema wazazi hao, nami nilikuwa mmoja wao. Mtoto akisema atakuwa daktari au mhandisi, halua hutoka. Akisema atakuwa fundi cherehani, nyumba huwa kama ina matanga. Basi kijana huyu aliombwa na rafiki yake wa kike amsaidie kutengeneza nguo za maonyesho. Akaichukua cherehani kuukuu ya mama yake, na toka hapo kompyuta ikaachwa, akasomea nguo.

Alimtazama sana Tommy Nutter, Mwingereza aliyefungua duka Savile Row mwaka 1969 na kuushtua mtaa ule kwa kupamba madirisha yake na kuyaacha wazi kwa wapita njia. Mwaka 1994 Boateng alipeleka suti zake Paris katika wiki ya mitindo, jambo ambalo fundi wa namna yake hakuwahi kulifanya, na mwaka 1995 akafungua duka Vigo Street, kwenye ncha ya kusini ya Savile Row. Magazeti hupenda kumwita mweusi wa kwanza mtaani pale. Si haki kumsahau Andrew Ramroop, mtu wa Trinidad, aliyekuja Uingereza mwaka 1970 na kuimiliki nyumba ya Maurice Sedwell, iliyo Savile Row, mwaka 1988.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Suti ya Savile Row huanza kwa vipimo, kisha mkataji huchora umbo la mteja juu ya karatasi nene, na karatasi hiyo huwekwa kwa ajili ya mteja huyo peke yake. Kitambaa hupigwa chaki, hukatwa, hupigwa bandi kwa uzi mweupe, mteja hujaribu. Kisha bandi hufumuliwa na kazi hurudi mezani. Ndani ya kifua huwekwa kitambaa kigumu chenye singa za farasi ili koti lipate umbo. Vitundu vya vifungo hushonwa kwa mkono. Kwa jumla, saa za mkono hazipungui 50. Boateng aliufuata utaratibu huo wote, ila alikata koti jembamba na refu, na bitana yake ikawaka kwa rangi. Waingereza walistaajabu. Sisi tuliowaona wazee wetu wamevaa joho la darizi na kizibao siku ya Idi hatukuwa na sababu ya kustaajabu sana.

Mwaka 1998 mambo yakaharibika. Msukosuko wa fedha ulikuwa umeanza Asia ya Mashariki mwaka uliotangulia, wanunuzi wa huko wakavunja oda zao, na kampuni ikaanguka. Fundi wa kwetu Darajani hatii mkasi kabla ya kupokea arbuni, na suti ya kupima huenda vivyo hivyo. Lakini anayeshona kwa ajili ya maduka ya mbali hutoa mali yake mbele na kungoja. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipokuwa hatari, si katika ushonaji.

Alirudi, na mwaka 2002 aliingia Savile Row penyewe. Mwaka 2003 nyumba ya Givenchy ya Paris ilimkabidhi nguo zake za kiume, akazishika mpaka 2007. Katikati yake, mwaka 2006, alipata nishani ya OBE. Mwaka 2008 alifungua duka kubwa kwenye nambari 30. Aliyelichora duka hilo ni David Adjaye, mtoto wa mwanadiplomasia wa Ghana, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1966.

Kisha shirika la ndege la British Airways likamtaka atengeneze sare mpya. Jambo lilitangazwa mwaka 2018, likacheleweshwa na maradhi ya korona, na sare zikaanza kuvaliwa mwaka 2023 na wafanyakazi zaidi ya 30,000. Ndani yake imo suti ya vipande vitatu kwa wanaume na vazi refu la juu pamoja na hijabu kwa mwanamke anayetaka kujisitiri. Atakayesafiri nalo kwenda Nairobi aitazame vyema mishono ya koti la yule anayemletea chai.