Uingizaji wa Herufi Maalumu katika Michoro ya Isimu

Ramani za lugha na michoro ya matawi huhitaji mara nyingi herufi zisizopatikana katika kibodi ya kawaida. Herufi hizo si mapambo. Katika Kilingala, moto ni mtu, motó ni kichwa, na mɔ́tɔ ni moto kama uelewekavyo katika Kiswahili. Ramani iyaandikayo maneno hayo matatu kwa umbo moja hufuta tofauti ambayo mtafiti alikusudia kuionyesha.

Programu ya kuchorea iitwayo Inkscape, ambayo hutolewa bure, ina njia mbili za kuziingiza. Ya kwanza ni kufungua jedwali la herufi za Unicode lililomo katika menyu ya maandishi, na kuchagua herufi itakiwayo. Ya pili ni ya haraka zaidi: mtumiaji akiwa anaandika, hubonyeza Ctrl na U kwa pamoja, huandika namba ya herufi, kisha hubonyeza Enter. Namba ya ɛ ni 025B, ya ɔ ni 0254, na ya ŋ ni 014B.

Alama za toni zahitaji uangalifu. Herufi ó ina namba yake, yaani 00F3, lakini ɔ́ haina. Huandikwa kwanza 0254, kisha 0301, ambayo ni alama ya toni ya juu. Fonti isiyoandaliwa kwa kazi hiyo huweza kuiweka alama kando ya herufi badala ya juu yake. Charis SIL na Doulos SIL ni miongoni mwa fonti zifaazo.

Kabla ya Unicode, ambayo toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 1991, baadhi ya fonti ziliiweka ɛ mahali pa herufi nyingine. Mchoro ulipofunguliwa katika kompyuta isiyo na fonti hiyo, herufi nyingine ilijitokeza. Kwa hiyo michoro ya zamani haina budi kusahihishwa neno kwa neno kabla ya kutumiwa tena.

Mchoro unapopelekwa kwa mpiga chapa, maandishi yaweza kugeuzwa kuwa mistari ili umbo lake lisibadilike. Lakini maandishi yaliyogeuzwa hayasahihishiki wala hayatafutiki kama maneno. Yafaa igeuzwe nakala tu, na mchoro wa asili uhifadhiwe.