Ishango: kulala kando ya maji

Wazazi wengi wa Butembo na Lubero, ukiwauliza Parki ni kitu gani, watakujibu: ni fasi ya watalii, ao ni fasi walinzi wanakamata wavuvi na wachoma makala. Wachache wanajua ya kama ndani ya ile Parki ya Virunga kuko fasi moja ya kimya, kando ya maji, ambapo zamani wageni walikuwa wanasimamisha hema na kulala. Njo Ishango.

Ishango iko kaskazini ya Ziwa Edward, katika territware ya Beni. Ukitoka Beni unafuata barabara ya Kasindi, kisha unageuka kuume na kushuka mpaka ziwani. Hapo mto Semuliki unatoka ndani ya ziwa. Maji unayoyaona yakipita pole pole mbele ya macho yako yatavuka pori, yatapita chini ya mlima Rwenzori, yatafika Ziwa Albert, na kisha yataingia mto Nil mpaka Misri. Mtoto aliyesoma Nil katika kitabu cha jiografia anaweza kuugusa kwa mkono pale, ukiwa bado mwembamba.

Na lile ziwa lenyewe limebadilishiwa jina mara nyingi. Stanley alilipa jina la mtoto wa malkia wa Uingereza mwaka 1889. Kwa wakati wa Mobutu, tangu 1973, likaitwa Ziwa Idi Amin, mpaka yule muzee wa Uganda alipofukuzwa mwaka 1979. Wavuvi hawakujali sana. Samaki ni wale wale.

Mfupa wa kuhesabu

Mwaka 1950, Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, alichimba udongo pale Ishango. Alipata vyombo vya watu wa zamani sana: vyuma? Hapana, chuma hakikuwako bado. Ni mifupa iliyochongwa kuwa mikuki ya kupiga samaki. Kati yake akapata mfupa mudogo, urefu wa kidole kirefu hivi, sentimita karibu 10, wenye alama za kukatwa kwa kisu cha jiwe, zimepangwa katika mistari mitatu. Mstari mmoja uko na alama 11, 13, 17 na 19. Jumla 60. Mstari wa pili nao unatoa 60. Wa tatu unatoa 48. Ule mfupa uko na umri wa miaka karibu 20,000.

Wenye elimu wanabishana mpaka leo. Wengine wanasema ni hesabu ya siku za mwezi, wengine wanasema ni masomo ya hesabu kabisa. Sisi hatutaamua hapa. Lakini vijana wa Manguredjipa wanaoona kila siku muchuuzi akipima zahabu kwa mizani na miti ya kiberiti wataelewa upesi: mtu mwenye kitu cha bei anatafuta namna ya kuhesabu bila kudanganywa. Watu wa ziwa letu walifanya vile mbele ya Wamisri wa piramidi. Kwa kusikitika, mfupa wenyewe uko Brussels, katika nyumba ya vitu vya kale. Mtoto wa Beni anayetaka kuuona anahitaji viza.

Viboko ni wenye nyumba

Butembo iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, ziwa liko kwa mita 912 tu. Kwa hiyo mtu anaacha koti yake ya mlimani na kufika kwenye joto na mbu. Watoto wa mlimani hawajazoea malaria kama watoto wa wavuvi. Chandarua kinatangulia hata sufuria.

Lakini mbu si mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni kiboko. Mchana analala ndani ya maji, usiku anapanda kula majani, na kila usiku anafuata njia ile ile. Utaitambua: ni njia pana, imekanyagwa, inatoka majini inaingia majanini. Hema haisimamishwi juu yake, hata karibu yake. Kiboko aliyekatwa njia ya kurudi majini hatafuti mazungumzo. Kisha giza kuingia, hakuna mtu anayeshuka kuchota maji ao kunawa. Maji ya usiku yanachotwa mchana na kuchemshwa. Makala yanatoka nyumbani, maana kukata miti ndani ya Parki ni kosa. Na mulinzi wa Parki anakuwa pamoja nanyi, si mbali.

Usiku utawasikia wakikoroma. Watoto wataogopa kwanza, kisha watacheka.

Zamani walikuwa wengi ajabu. Katika miaka ya 1970 Parki ilikuwa na viboko zaidi ya 25,000, labda kuliko fasi yote ingine ya dunia. Vita vikaja, na bunduki, na njaa ya askari wa kila jeshi. Karibu 2005 hawakufika hata 1,000. Wavuvi ndio waliolipa. Kiboko anakula majani inchi kavu na kuacha mavi ndani ya maji. Mavi yanalisha vidudu na mimea midogo. Samaki wanakula ile. Ukiua kiboko kwa nyama ya juma moja, unapunguza tilapia ya miaka mingi. Ongeza nyavu za macho madogo zinazokamata hata watoto wa samaki, na utaelewa juu ya nini mama anayeuza samaki Butembo analalamika.

Tuseme ukweli pia: Parki ilianzishwa na wakoloni mwaka 1925, na watu wa mlimani walio karibu hawajasahau mashamba ya babu zao. Sheria inaruhusu vijiji vitatu tu vya wavuvi kando ya ziwa: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Vingine vinaishi kwa mashaka. Na walinzi wenyewe, wengi ni watoto wetu, zaidi ya 200 wamekufa kazini. Tarehe 24 Aprili 2020 peke yake, 12 waliuawa karibu na Rumangabo.

Vipi kuhusu leo?

Vikundi vya Kiro, Skauti na Xaveri wataenda Ishango mwaka huu? Sisi hatuwashauri. Tangu 2014 mauaji ya Beni yamefanya barabara nyingi kuwa za machozi, na Kasindi yenyewe ililipuliwa bomu kanisani Januari 2023. Upande wa kusini, M23 waliingia Kanyabayonga mwezi wa Juni 2024. Mtu asichukue watoto wa wenyewe kwenye njia hiyo kwa sababu ya hema.

Lakini kulala inje kunaweza kujifunzwa hapa hapa, katika kiwanja cha parokia ao shamba la muzee mmoja wa kanisa. Vijana wajue kufunga kamba, kuchemsha maji, kuzika takataka, kupanga zamu ya usiku, kunyamaza. Na jioni, kando ya moto, mmoja achukue kijiti na kisu, akate alama 11, 13, 17 na 19, na awaulize wenzake: huyu mtu wa Ishango alikuwa anahesabu nini?