Kabla Bastola Haijalia: Kuzisoma Mbio za Mita 10,000

Agosti 2, 2024, kwenye uwanja wa Stade de France jijini Paris, wanaume 13 walimaliza fainali ya Olimpiki ya mita 10,000 chini ya dakika 27. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 2025, Mfaransa Jimmy Gressier alitwaa ubingwa wa dunia Tokyo kwa dakika 28:55.77. Mwethiopia Yomif Kejelcha alikuwamo katika mbio zote mbili. Paris alikimbia 26:44.02 akawa wa sita, asipate kitu. Tokyo alichelewa kwa zaidi ya dakika mbili akilinganishwa na muda wake wa Paris, akavishwa medali ya fedha.

Ndiyo maana orodha ya washiriki, ile inayosambazwa siku chache kabla ya mbio ikiwa na muda bora wa kila mmoja, hupotosha watu wengi. Msomaji huona majina matano yenye 26:30 na kitu, akahitimisha kwamba rekodi iko hatarini. Muda bora huonyesha uwezo wa mtu, lakini haumlazimishi kuutumia usiku huo. Swali la kuanza nalo ni jingine: nani atakubali kukaa mbele, na kwa mizunguko mingapi?

Rekodi ya dunia ni dakika 26:11.00, iliyowekwa na Joshua Cheptegei wa Uganda mjini Valencia, Hispania, Oktoba 7, 2020. Hiyo ni kasi ya karibu kilomita 23 kwa saa. Hata kama bendera za uwanjani zimelala, anayeongoza kwa kasi hiyo anapigwa kifuani na hewa kama mtu aliyesimama kwenye upepo wa kilomita 23 kwa saa. Aliye nyuma yake anakingwa. Tofauti hiyo haionekani kwenye mzunguko wa tatu. Kwenye wa ishirini inaonekana usoni.

Hesabu yenyewe ni nyepesi na kila mtazamaji anaweza kuibeba kichwani. Uwanja una mita 400, kwa hiyo mbio hizi ni mizunguko 25. Ukikimbia kila mzunguko kwa sekunde 65 utamaliza kwa 27:05. Kwa sekunde 64 ni 26:40. Kwa sekunde 63 kamili ni 26:15, na bado hujavunja rekodi. Cheptegei alihitaji wastani wa sekunde 62.84. Yaani sehemu moja ya kumi ya sekunde, ambayo jicho haliwezi kuiona, ikipotea kila mzunguko inageuka sekunde mbili na nusu mwishoni. Kumbuka pia kwamba Kenenisa Bekele alikimbia 26:17.53 Brussels mwaka 2005, na ilichukua miaka 15 kupunguza sekunde sita na nusu tu.

Tuitazame Valencia kwa karibu, maana pale kila kitu kilipangwa kwa ajili ya rekodi. Mbio ziliandaliwa usiku wa vuli, bila medali ya kugombewa na bila mpinzani wa kuviziana naye. Walikuwepo waweka kasi, wakimbiaji wanaolipwa kuongoza kwa kasi iliyokubaliwa kisha kutoka. Na kando ya njia ya kwanza, kuzunguka uwanja mzima, zilipangwa taa ndogo zinazowaka kwa kufuatana kwa kasi ya rekodi, kiasi kwamba mkimbiaji anaufukuza mwanga. Nusu ya kwanza ilipita kwa dakika 13:07 na ushee. Nusu ya pili, Cheptegei akiwa peke yake kwa sehemu kubwa, ikawa 13:03. Usiku uohuo, kwenye uwanja huohuo, Letesenbet Gidey wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia ya wanawake ya mita 5,000.

Taa hizo zimeleta ubishi mkubwa, na wapo wanaosema zimeua mbio. Mimi naona zinasingiziwa kidogo. Taa haizuii upepo wala haimpunguzii mtu uchovu. Inachofanya ni kuondoa mizunguko ya kushtukiza: sekunde 61 hapa, 65 pale, ambayo wastani wake ni uleule lakini gharama yake mwilini ni kubwa zaidi. Bekele alifanya kazi hiyo kwa akili yake mwenyewe mwaka 2005, nusu mbili zikipishana kwa takriban sekunde moja, bila taa na bila viatu vya siku hizi vyenye soli nyepesi inayorudisha nguvu. Ukitaka kubishana kuhusu haki, anza na viatu.

Bila waweka kasi, mbio huwa za kasi pale tu mtu anapojitoa. Watanzania wanalijua hili kuliko wengi. Filbert Bayi, Christchurch, Februari 2, 1974: aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo, hakuna aliyemsaidia, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3:32.16. John Walker aliyekuwa akimkimbiza naye akamaliza chini ya rekodi ya zamani. Lakini zile zilikuwa dakika tatu na nusu. Kujitoa hivyo kwa dakika 26, huku nyuma yako wamejipanga watu wenye mbio kali za mwisho, ni kuwapelekea wenzako medali.

Na hilo ndilo lililotokea Paris. Waethiopia watatu, Kejelcha, Berihu Aregawi na Selemon Barega, walipokezana mbele kuanzia mapema ili kuichosha miguu ya wenye kasi ya mwisho. Mpango ulifaulu kwa saa na kushindwa kwa medali. Cheptegei alishinda kwa 26:43.14, rekodi mpya ya Olimpiki, Aregawi akapata fedha peke yake kati ya wale watatu, na Mmarekani Grant Fisher akachukua shaba. Mkenya Benard Kibet alikuwa wa tano, nyuma ya shaba kwa zaidi kidogo ya nusu sekunde. Kwa upande wa wanaume, Kenya haijapata dhahabu ya Olimpiki ya mita 10,000 tangu Naftali Temu mwaka 1968, jambo ambalo bado linawashangaza wanaodhani mbio hizi ni mali ya Bonde la Ufa.

Kuna kichocheo kingine kisichozungumzwa sana, nacho ni kiwango cha kufuzu. Kwa Paris kilikuwa dakika 27:00.00. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyembamba ya huko haimpi mtu muda wa namna hiyo kwa mita 10,000. Kwa hiyo mwaka 2024 Kenya ilifanya mchujo wake wa mbio hizi Eugene, Marekani, ambako Daniel Mateiko alishinda kwa 26:50, na Ethiopia ikaenda Nerja, Hispania, ambako Kejelcha na Aregawi walimaliza wote kwa dakika 26:31. Mchujo wa taifa ukawa mkali kuliko fainali nyingi za dunia.

Sasa, ukikaa mbele ya televisheni kusubiri mbio zilizotangazwa kuwa za kasi, tazama kwanza kama upepo umetulia na jua limeshuka. Kisha sikiliza wanasema waweka kasi ni akina nani: anayetakiwa kufikisha kundi nusu ya safari kwa 13:05 lazima yeye mwenyewe awe mkimbiaji wa daraja la juu, na watu hao ni wachache na ni ghali. Mita 3,000 zipite karibu na 7:51. Halafu subiri muda ambao mweka kasi wa mwisho anatoka. Hapo mtazame aliye wa pili, usimtazame kiongozi. Akikataa kupokezana, mizunguko itateleza kutoka 63 hadi 65 na mambo yameisha. Akikubali, una mbio. Oslo, Mei 30, 2024, kwenye mita 5,000, Hagos Gebrhiwet alikimbia 12:36.73, pungufu kidogo ya sekunde moja na nusu kuifikia rekodi ya Cheptegei ya 12:35.36, kwa kuwa Kejelcha na Jacob Kiplimo walikuwa hapo wakimkaba, wote chini ya 12:41.

Tatizo la mita 10,000 ni kwamba jioni za namna hiyo ni adimu. Diamond League kwa kawaida haina nafasi ya nusu saa kwa tukio moja, na fedha nyingi ziko barabarani, kwenye nusu marathoni na marathoni, ambako Cheptegei mwenyewe amekwenda. Rekodi ya 26:11.00 itavunjwa Ulaya, katika mbio zilizopangwa kwa kazi hiyo, zenye angalau watu wawili walio tayari kugawana kilomita nne za mwisho. Usiitarajie kwenye fainali ya ubingwa. Mwanamume wa mwisho kuweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 katika fainali ya Olimpiki ni Mfini Lasse Virén, Munich, mwaka 1972.