Kulinganisha Mitutu ya Bunduki ya Uwindaji

Hoteli ya Norfolk, jirani ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1904 ikawa kituo cha wawindaji. Wengi wao, kutoka hapo hadi Karen alikoishi Bror von Blixen-Finecke, walitegemea bunduki za mitutu miwili zilizoundwa Uingereza.

Fundi huilehemu mitutu hiyo ikielekeana kidogo mdomoni. Hufyatua wa kulia, kisha wa kushoto. Risasi zisipokaribiana kwenye shabaha, huyeyusha lehemu, husogeza kabari iliyo katikati na kujaribu tena.

Hata hivyo, joto huzidisha shinikizo la baruti ya kodaiti. Risasi ikienda kasi mno, hutoka kabla mtutu haujasukumwa pembeni vya kutosha. Ya kulia hupiga kushoto, na ya kushoto hupiga kulia. Nyati aliyejeruhiwa tu aliweza kumwua mwindaji au mbeba mizigo wake. Ndiyo sababu viwanda viliunda risasi zenye baruti pungufu kwa nchi za joto.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Funzo lingalipo: chombo hupimwa pale kitakapotumika.