FEDHA ZA DAWA ZA KULEVYA: ZINAVYOPATIKANA NA ZINAVYOTAKASISHWA

Wananchi walio wengi wanapotajiwa dawa za kulevya, fikra zao huelekea kwa kijana aliyeathirika au kwa mzigo uliokamatwa bandarini. Ni wachache wanaojiuliza fedha inayolipwa kwa kete moja mtaani huishia wapi. Hata hivyo, fedha hiyo ndiyo roho ya biashara yote. Mzigo ukikamatwa, mkubwa wa biashara huagiza mwengine. Kijana akifungwa, huajiri mwengine. Fedha zake zikizuiwa, hana tena cha kununulia mzigo wala cha kumlipa mtu.

Faida ya biashara hii haitokani na ugumu wa kuitengeneza bidhaa, bali hatari ya kuisafirisha. Kilo moja ya kokeini, ambayo bei yake nchini Kolombia ni kiasi cha dola 2,000 za Kimarekani, huuzwa kwa jumla nchini Marekani kwa mara kumi ya bei hiyo au zaidi, na thamani yake hupanda tena inapogawiwa kwa gramu. Heroini nayo, kwa miaka mingi, imekuwa ikitoka Afghanistan hadi pwani ya Makran, iliyoko Iran na Pakistan, na kuletwa kwa majahazi katika bahari ya Afrika Mashariki. Mwezi wa Aprili 2014, manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Kila mkono unaopokea mzigo hudai ujira wa hatari, na ujira huo hatimaye hulipwa na mtumiaji, mara nyingi kwa vitu vilivyoibwa nyumbani kwa wazee wake.

Mtumiaji hulipa taslimu, tena kwa noti ndogo ndogo. Hapo ndipo tabu ya mkubwa wa biashara inapoanza. Dola milioni moja kwa noti za dola 20 ni noti 50,000, zenye uzito wa kilo 50 hivi. Fedha hizo hazifichiki kwa urahisi, na mwenye nazo hawezi kujenga jumba wala kununua meli bila ya kuulizwa alikozipata. Hivyo hulazimika kuzitakasisha, yaani kuzivisha sura ya halali.

Kazi hiyo hufanywa kwa hatua tatu. Ya kwanza ni kuziingiza noti katika benki au katika biashara yenye mauzo ya taslimu. Ya pili ni kuzizungusha kutoka akaunti hadi akaunti na nchi hadi nchi mpaka asili yake ipotee. Ya tatu ni kuzirejesha kwa mwenyewe zikiwa hoteli, kiwanja, magari au hisa za kampuni.

Mfano ulio wazi ni wa HSBC, mojawapo ya benki kubwa duniani. Mwezi wa Disemba 2012 benki hiyo ilikiri mbele ya Serikali ya Marekani kwamba haikuweka udhibiti uliotakiwa na sheria, na kwamba makundi ya wauza dawa wa Mexico na Kolombia, likiwemo kundi la Sinaloa, yalipitisha humo fedha zisizopungua dola milioni 881. Katika matawi yake nchini Mexico, watu walikuwa wakileta mamia ya maelfu ya dola taslimu kwa siku moja, kwa akaunti moja, zikiwa ndani ya maboksi yaliyotengenezwa kwa kipimo cha dirisha la karani.

Sehemu ya fedha hizo ilizungushwa kwa kutumia biashara ya kawaida. Dalali huzinunua dola za wauza dawa kwa bei ya chini, kisha huzitumia kulipia bidhaa zilizoagizwa na wafanyabiashara wa Kolombia. Wafanyabiashara hao humlipa dalali kwa peso, na peso hizo huwafikia wakubwa wa dawa. Anayekagua shehena bandarini huona bidhaa za halali zenye risiti kamili.

HSBC ililipa kiasi cha dola bilioni 1.9. Lakini funzo la kesi hiyo halimo katika ukubwa wa malipo. Maboksi yale hayakupitishwa usiku wala kwa mlango wa nyuma. Yalipita mchana, mbele ya macho ya watumishi, na hapakuwa na aliyeyazuia.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Vienna wa mwaka 1988 uliitaka kila nchi mwanachama kulifanya tendo la kutakasisha fedha za dawa kuwa kosa la jinai. Zanzibar ina sheria yake ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu na mapato ya uhalifu, ya mwaka 2009. Uzembe una gharama kwa taifa zima: kuanzia Oktoba 2022 hadi Juni 2025 Tanzania iliwekwa na FATF, chombo cha kimataifa kinachosimamia mapambano hayo, katika orodha ya nchi zilizo chini ya uangalizi. Nchi iliyomo katika orodha hiyo, hata mfanyabiashara wake mwaminifu huweza kutiliwa shaka anapotuma au kupokea fedha.

Kwa hiyo ni wajibu wa karani wa benki, mtumishi wa ardhi, mtumishi wa forodha na mwenye duka la kubadilishia fedha kuzitambua dalili. Miongoni mwazo ni kiwanja kulipiwa taslimu na mtu asiyejulikana kazi yake. Duka lisilo na wateja linalopeleka benki fedha nyingi kila siku. Bidhaa kuandikiwa bei isiyolingana na thamani yake. Na mtu kuombwa aazime jina lake au akaunti yake kwa ujira mdogo. Dalili si ushahidi, na haimpi mtu ruhusa ya kumtangaza jirani yake kuwa mhalifu. Inachotakiwa ni kuuliza, kuandika, na kutoa taarifa kwa siri kwa vyombo vinavyohusika.

Fedha haramu haina miguu. Kila inapokwenda imebebwa na mikono ya watu, na aghalabu mmoja kati yao ni mtu mwema aliyetia saini bila ya kuuliza.