Mlango wa banda la nguruwe

Mwishoni mwa mwaka 2010 homa ya nguruwe ya Afrika ilizuka Kyela, mkoani Mbeya. Mwaka uliofuata ilikuwa imeshafika Morogoro na Dar es Salaam, mamia ya kilomita kutoka ilikoanzia. Kirusi cha ugonjwa huo hakipeperuki na upepo kwa umbali wa namna hiyo. Kilisafiri kwa barabara kuu, pamoja na nguruwe waliouzwa harakaharaka kabla hawajafa na nyama iliyopakiwa mifukoni. Mwaka 2013 ikawa zamu ya Kilimanjaro na Arusha, na maabara ikaonyesha kuwa kirusi cha huko ni cha ukoo mwingine, tofauti na kile cha Mbeya. Yaani tulikuwa na mioto miwili iliyowashwa sehemu mbili.

Mfugaji wa Kerenge, huku kwetu Tanga, ana sababu ya kuitazama ramani hiyo vizuri. Barabara inayoshuka kutoka Moshi, ikapita Same na Mombo hadi Korogwe na Segera, ndiyo inayomletea mnunuzi. Wa Handeni naye hayuko mbali nayo. Kwa hiyo kabla mfugaji hajaniuliza mbegu ipi ni bora, Large White au Landrace, mimi humuuliza kwanza: banda lako lina mlango? Nani anaupita? Katika vijiji vyetu faida ya nguruwe hupotelea mlangoni kuliko mahali pengine popote, na mfugaji anayeanza kwa kununua mbegu ya bei kubwa kisha akaacha kila mtu aingie bandani ameweka fedha zake mahali pabaya.

Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, baada ya nguruwe wa walowezi kufa kwa wingi. Makao yake ya asili ni ngiri na papasi wanaoishi kwenye mashimo yao. Ngiri hubeba kirusi bila kuugua. Nguruwe wa kufugwa wakikipata, karibu wote hufa. Kutoka Afrika kilifika Lisbon mwaka 1957, Georgia mwaka 2007 na China mwaka 2018, na kila kilipofika kiliacha mabanda matupu. Hakina tiba. Mfugaji wa Korogwe hana chanjo ya kwenda kununua dukani. Binadamu haambukizwi, na hapo ndipo penye mtego, maana mtu anaona nyama haimdhuru mlaji, basi anaichinja na kuiuza, na kirusi kinaendelea na safari ndani ya mfuko wa plastiki.

Sisi tuko kati ya Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, yenye ngiri, na misitu ya Usambara, yenye nguruwe pori. Nguruwe anayeachwa azurure hadi pembezoni mwa pori anaweza kukutana na mnyama au papasi mwenye kirusi. Hata hivyo, kwa mfugaji wa kijijini, mtu ni hatari kubwa kuliko ngiri.

Chukua asubuhi ya kawaida. Mnunuzi anafika na pikipiki. Ameshapita mabanda mengine tangu alfajiri, na viatu vyake vina mavi ya huko. Anaingia bandani moja kwa moja, anamsukuma nguruwe kwa fimbo aliyokuja nayo, anambinya mgongo, anataja bei. Mkikubaliana, anafungua kamba kwenye keria ya pikipiki. Itazame kamba hiyo. Ni ya katani, imeloa mate, mkojo na damu za nguruwe wa wiki nzima, na haijawahi kufuliwa. Msipokubaliana anaondoka zake, na wewe unabaki na alichokuletea. Siku chache baadaye nguruwe mmoja anagoma kula. Anapanda homa ya nyuzijoto 41, masikio na tumbo vinageuka rangi ya zambarau, wengine wanahara damu, wenye mimba wanazitoa. Ndani ya wiki moja au mbili banda limekwisha, na hakuna anayekumbuka ile kamba.

Kinga ya hayo ni ya bei ndogo. Zungushia banda uzio na uweke mlango wenye komeo. Weka mabuti ya mpira yasiyotoka nje ya uzio, hata kwenda kisimani. Weka na beseni la maji ya jiki pale pa kuingilia, lakini usidanganyike nalo: jiki haifanyi kazi juu ya mavi, kwa hiyo kiatu kisuguliwe kwa sabuni kwanza ndipo kikanyage dawa. Mnunuzi asiingie kabisa. Jenga kizizi kidogo cha kuuzia karibu na njia, mtoe nguruwe umpeleke pale, auzwe kwa kamba yako. Nguruwe akishatoka asirudi, hata kama bei imeshindikana. Akae huko huko hadi apate mteja mwingine au atimize siku 30 akiwa peke yake. Nguruwe mgeni unayemnunua naye akae siku 30 mbali na wengine, na ahudumiwe mwisho kila siku.

Penye ugumu wa kweli ni dume. Wafugaji wengi hawana dume lao, hukodi la jirani, na dume hilo huzunguka kijiji kizima likipanda majike. Siwezi kumwambia mwenye majike mawili anunue dume. Chakula chake peke yake kitamla. Ninachoshauri ni watu wachache wanaoaminiana wawe na dume lao, wasilikodishe nje ya kundi, na wakubaliane kwamba banda la mmoja likipata mgonjwa, wote wanasimamisha upandishaji siku hiyo hiyo. Makubaliano ya namna hiyo hulinda kuliko dawa yoyote iliyopo kwenye duka la pembejeo, na kuyavunja ni kumdhuru mwenzako.

Makombo ya hotelini na mgahawani nayo ni njia ya kirusi, kwa sababu ndani yake kunaweza kuwa na vipande vya kitimoto cha nguruwe aliyekufa mahali pengine. Mwenye kuyatumia ayachemshe kwa dakika 30, yatokote kweli, na kuyakoroga. Kuyapasha moto tu hakusaidii.

Chakula ndicho kinachokula sehemu kubwa ya gharama za mfugaji. Kwetu pumba za mahindi ndizo msingi, na kosa linalojirudia ni kumlisha nguruwe pumba tupu miezi yote. Pumba inampa nguvu, haimpi protini ya kutosha kujenga nyama. Anakula, anajaa tumbo, hakui. Mchanganyie mashudu ya alizeti au ya pamba, dagaa kidogo, chokaa na chumvi. Majani ya viazi vitamu ni mazuri kama nyongeza. Muhogo nao unafaa, ila ule mchungu umenywe, ukatwekatwe na ukaushwe vizuri juani, maana mbichi una sumu. Na mahindi yaliyoota ukungu yasipewe nguruwe kwa kuwa tu yamekataliwa na watu. Sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 inaharibu ini la nguruwe vilevile, na jike mwenye mimba na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi.

Halafu kuna maji, ambayo wafugaji wengi huyahesabu mwisho. Bonde letu ni la joto, na nguruwe hana jasho la kumpoza. Joto likizidi anahema, analala kwenye mkojo wake apate ubaridi, na anapunguza kula. Asipokula hanenepi, na fedha ya pumba imepotea. Jike anayenyonyesha anahitaji lita 20 hadi 40 kwa siku. Ndoo moja asubuhi haimtoshi hata kidogo, na maziwa yake yakikauka watoto wanadhoofu. Paa la makuti au nyasi hupooza banda kuliko bati tupu. Banda lielekezwe upepo upite, mti uachwe upande wa jua la mchana, na sakafu iwe na mteremko mdogo ili mkojo utiririke kwenda shimoni. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze asiteseke. Mfugaji anayeifuata kwa maji na kivuli ataona malipo yake kwenye uzito wa nguruwe.

Mahali ambapo huruma na faida vinakutana waziwazi ni siku za kuzaa. Mimba ya nguruwe ni miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, takriban siku 114. Iandike tarehe ya kupandishwa ukutani kwa mkaa kama huna daftari. Siku chache kabla, mhamishie jike kwenye chumba kilichosafishwa, umwekee nyasi kavu. Watoto wengi hufa katika siku tatu za kwanza, na wauaji wakubwa ni mama kuwalalia, baridi na njaa. Funga mti imara kuzunguka kuta ndani ya chumba, sentimita 20 hadi 25 kutoka sakafuni na kiasi hicho hicho kutoka ukutani. Mama akijitupa chini, mtoto anapata upenyo wa kuchomoka. Kona moja izibwe kwa mbao mama asiifikie, iwe na nyasi nyingi na joto, kwa sababu mtoto anayehisi baridi humfuata mama na ndipo anapolaliwa. Hakikisha kila mmoja amenyonya maziwa ya kwanza, na siku ya tatu mwite afisa mifugo awachome sindano ya madini ya chuma.

Fanya hesabu. Jike mmoja azae mara mbili kwa mwaka, kila mara watoto tisa. Wakilaliwa watatu kila uzao, umebaki na 12 badala ya 18. Watoto sita wamekwenda kwa kukosa miti michache ya kufunga ukutani.

Minyoo tegu inanigusa kuliko mengine, kwa sababu hapa anayeugua ni mtoto wa mfugaji mwenyewe. Mtu mwenye tegu akijisaidia porini, nguruwe anayezurura hula kinyesi hicho, na mayai hugeuka malengelenge meupe kama punje za mchele ndani ya nyama. Mtu akila nyama hiyo ikiwa haijaiva anapata tegu. Na mayai yenyewe yakimwingia mtu kupitia mikono au maji machafu, malengelenge yanaweza kujijenga kwenye ubongo wake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo yenye ugonjwa huu, karibu asilimia 30 ya wenye kifafa wamekipata kwa njia hiyo. Nchini kwetu Mbulu ni mahali palipochunguzwa sana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mtoto anayeanguka darasani hajarogwa, na hapaswi kufichwa nyumbani. Kila kaya iwe na choo na nguruwe wote wafungiwe. Nyama ikaguliwe kabla ya kuuzwa, na iive hadi ndani. Dawa ya oksfendazoli inaua malengelenge ya nyama kwa dozi moja, lakini itolewe na mtaalamu, na nguruwe asichinjwe hadi muda aliouagiza uishe.

Kufungia nguruwe kuna faida nyingine ambayo wafugaji wa Tanga tunaijua. Tunaishi na majirani Waislamu, wengi wao ndugu zetu wa damu. Nguruwe anayeingia shambani au uani kwa jirani huyo anamletea kero kubwa kuliko mahindi aliyoyala. Shimo la mavi lisiwe juu ya kisima, na maji ya banda yasiachwe yatiririke kuelekea mto Luengera. Samadi iliyooza vizuri itie shambani kwako, migomba itaipokea.

Sasa siku ya kuuza, uchukue futi ya fundi cherehani. Mpime nguruwe mzunguko wa kifua, nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, akiwa amesimama na kichwa kimenyooka. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, vyote kwa mita, kisha zidisha kwa 69.3. Mwenye kifua cha mita 0.95 na urefu wa mita 1 ana takriban kilo 62.5. Mnunuzi aliyezoea kukadiria kwa macho atamwita wa kilo 50. Mpimie mbele yake, pale kizizini, nje ya uzio.

Na ikitokea nguruwe wawili watatu wamekufa ghafla, usiuze waliobaki, usichinje, usimpe mtu nyama. Funga mlango, mpigie afisa mifugo wa kata ili sampuli ziende maabara, na mizoga ichomwe au izikwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Waambie majirani siku hiyo hiyo, kabla mnunuzi hajafika kwao.